Naomba ushauri: Nina pumu na ninajitolea kung'oa gugu karoti

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, nimejiunga na kikundi cha kujitolea kinachorejesha uoto wa asili katika eneo lililokuwa malisho pembezoni mwa Jiji la Arusha, na kila Jumamosi tunaondoa gugu karoti ili migunga michanga tuliyoipanda ipate nafasi ya kukua. Jumamosi iliyopita tulilifyeka likiwa limekwisha kuchanua. Usiku huo mikono iliniwasha na kifua kikabana. Sipendi kuacha kazi niliyoianza kwa hiari yangu. Je, nivae nini, na kufyeka huko kuna faida yoyote?

Jembe Butu:
Pole sana. Kufyeka gugu karoti lililochanua ni kulisaidia, kwa kuwa shina huchipua upya, na mbegu zilizokomaa, ambazo mmea mmoja huweza kuzitoa zaidi ya 10,000, hupukutika na kusafiri kwenye matope ya viatu vyenu. Ling'oeni pamoja na mzizi wakati ardhi ina unyevu, kabla halijatoa maua. Huchanua wiki chache tu baada ya kuota, kwa hiyo kwenda mara moja kwa msimu hakutoshi. Tena mlipong'oa pasiachwe wazi. Pandeni nyasi za asili, la sivyo litarudi. Vaeni glavu na mikono mirefu.

Mama Miche:
Kwa heshima, glavu hazimtoshi mwenye pumu, kwani chavua yake huamsha pumu, na barakoa ya kitambaa si kinga ya kutegemea. Muone daktari kwanza, kisha mwombe msimamizi akupangie kazi ya kitaluni. Ngozi yangu ililikataa gugu hilo tangu mwanzo, nami hadi leo ninajaza udongo kwenye viriba. Hakuna aliyeniita mvivu, isipokuwa shemeji yangu.

Mleta mada:
Ninawashukuru. Msimamizi amekubali nihamie kitaluni. Limebaki rundo tulilolifyeka, ambalo limelala kando ya njia ya ng'ombe. Tulifanyeje?

Jembe Butu:
Liondolewe mapema, maana ng'ombe wakila gugu hilo maziwa yao huwa machungu. Lisiingizwe kwenye mboji, kwa kuwa lina mbegu. Wenzako walibebe ndani ya mifuko isiyotoboka, likaukie shimoni, kisha lichomwe humo humo. Siku hiyo wewe usiende.