"Sorry, Wrong Number": mdogo wangu aanze na mchezo wa redio wa 1943 au filamu ya 1948?

Mwanzilishi wa mada
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Kisa hiki cha Lucille Fletcher kinamhusu mwanamke mgonjwa wa New York ambaye, baada ya laini za simu kuingiliana, anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke fulani saa tano na robo usiku. Kilirushwa kwanza na CBS, shirika la utangazaji la Marekani, katika kipindi cha Suspense, Agnes Moorehead akiwa mhusika mkuu. Miaka mitano baadaye Anatole Litvak akakitengenezea filamu, na nafasi hiyo akaishika Barbara Stanwyck. Mdogo wangu hajawahi kutazama filamu noir (zile za uhalifu zenye giza na mashaka) hata moja. Naomba ushauri, aanzie wapi?

Mpenda Redio
Aanze na redio. Ni nusu saa tu, na muda wote huo hatubanduki kitandani kwa Bi. Stevenson, yule mgonjwa. Tunasikia namba zikizungushwa, mlio wa simu inayotumika, opereta mtulivu asiyeelewa kwa nini mteja anafoka, kisha garimoshi likipita darajani, nasi tunajua tayari kwamba wauaji wanalingoja hilo ili lifunike yowe. Mumewe hatumsikii kabisa. Telegramu yake tu ndiyo inayosomwa na karani kwa sauti kavu. Mimi niliusikiliza gizani, umeme ulipokatika, na kila simu ilipoita nilijikuta nimebana pumzi.

Sinema Kongwe
Kuhusu hofu nakubaliana nawe, ndugu yangu, lakini filamu inajibu swali ambalo redio haikuligusa: kwa nini auawe? (Asiyeitazama aruke maelezo haya.) Fletcher mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wake, akairefusha hadi takriban dakika 90 kwa kumbukumbu zinazozaa kumbukumbu nyingine. Humo tunamfahamu mumewe, Henry, anayeigizwa na Burt Lancaster, aliyemwoa Leona (ndiye Bi. Stevenson), binti wa tajiri wa kampuni ya dawa wa Chicago, akajikuta akiishi kwa hisani ya mkwe, hadi akaanza kuiba kiwandani ili mali iuzwe kwa magendo. Tena daktari anabainisha kwamba maradhi ya Leona hayatokani na moyo bali na akili yake. Ndiyo maana inauma mno pale Henry, akiwa amechelewa kujuta, anapomsihi kwa simu ashuke kitandani, aende dirishani na kupiga kelele, naye anaamini kwamba hawezi. Kwa kazi hiyo Stanwyck aliteuliwa kuwania Oscar.

Mgeni wa Noir
Ninachokilalamikia katika filamu ni kwamba kila tunapotoka chumbani kwenda kwenye kumbukumbu, ni kana kwamba saa imesimama.

Mpenda Redio
Hasa! Nami bado nasikitika kwamba Moorehead, aliyeurudia mchezo huo redioni mara kadhaa, hakupewa nafasi yake kwenye filamu.

Mwanzilishi wa mada
Nashukuruni sana. Ijumaa tutausikiliza mchezo wa redio taa zikiwa zimezimwa, Jumamosi tutazame filamu, kwa kuwa akishamjua Henry hataweza tena kuisikia ile telegramu bila kushuku.