Soarer mbili, moja manyuo moja otomatiki: kwa safari za Mtwara–Dar nichukue ipi?

Mwana Mikindani

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana wiki ya pili hii silali vizuri kwa ajili ya gari. Korosho nimeuza, hela imeingia, madeni ya salfa na vibarua nimemaliza, ada za watoto zimelipwa, na kwa mara ya kwanza nimebaki na kiasi cha kununua gari ambayo moyo unaitaka. Ya shamba ninayo, Hilux, inapiga kazi, hiyo siigusi.

Mimi napenda zile gari za GT, milango miwili, injini kubwa mbele, kiti kinakushika mgongo vizuri, unatoka Mtwara alfajiri unafika Dar na bado una nguvu ya kwenda kusalimia ndugu. Aston Martin na Bentley naishia kuziangalia picha, saizi yangu ni Toyota Soarer ile ya miaka ya 90, lita 2.5 twini tabo (tabo mbili za kusukuma hewa kwenye injini), injini inaitwa 1JZ. Nimezipata mbili ziko Dar, zote zina namba za Tanzania tayari kwahiyo ushuru siyo tatizo langu. Moja manyuo gia 5, nyingine otomatiki gia 4. Ya manyuo bei imesimama juu, muuzaji anasema hizo ni adimu.

Sasa mtihani uko hapa. Gari nilifundishwa na marehemu mzee kwenye lori, barabara ya vumbi ya Nanyamba, nikiwa na miaka 15, aliweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye gia akaniambia sikiliza injini, itakuita yenyewe. Mpaka leo nikishika gia ya manyuo namkumbuka yeye. Lakini mama watoto anaendesha otomatiki tu na safari ya Dar ni kilomita 560 hivi, huwa tunapokezana. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Pweza wa Lindi

Mkuu manyuo, usijiulize mara mbili. Injini kama 1JZ ya tabo kuifungia otomatiki ya gia 4 ya enzi zile ni kuifunga kamba miguuni. Barabara yetu unaijua, malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yamepangana kama siafu kuelekea bandari ya Mtwara, juu yake malori ya saruji, unaovateki matatu kwa mkupuo. Hapo unataka gia ya tatu ikae pale unapoitaka, ukikanyaga itoke saa hiyo hiyo, siyo unakanyaga gari inafikiria kwanza ndo inashusha gia na wewe upo upande wa watu. Na kwenye miteremko ya Mbwemkuru injini inakushikia gari yenyewe, breki zinapumzika. Alafu stori ya mzee wako imenigusa sana, hiyo peke yake inatosha kuamua.

Mama Tariq

Kaka Mwana Mikindani hongera kwa mavuno, na Mungu amrehemu mzee. Mimi nitaongea kama mtu anayepita hiyo njia kila mwezi kufuata mzigo Kariakoo. Nilikuwa na manyuo miaka sita nikauza. Watu wanazungumzia kuovateki tu, mbona hakuna anayehesabu matuta? Toka unavyotoka Mtwara, Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, Somanga, Kibiti, kila kijiji matuta na kibao cha 50 na trafiki yuko chini ya mwembe. Kila tuta ni klachi, gia ya pili, klachi, ya tatu, klachi, ya nne, hujakaa sawa lingine hilo. Ukifika Mbagala jioni foleni inakupokea na hapo ndo goti la kushoto linaanza kudai chake. Mimi nilikuwa nafika natembea kwa kuchechemea, na nilikuwa na miaka 38 tu.

Na shemeji je? Gari ya safari ndefu ambayo mwenzio hawezi kukupokea ukisinzia mi naona ni hatari, nasema hivi kwa uchungu kwasababu nimeshapoteza mtu kwenye hiyo njia, alikuwa dereva mzuri tu, usingizi ulimzidi. Mwaka ule wa mvua za kimbunga Hidaya, 2024, barabara ilivyokatika kule Kilwa tukalala njiani, asubuhi magari yakaanza kuruhusiwa kidogo kidogo, mita kumi unasimama, mita kumi unasimama. Wenye otomatiki walikuwa wanakula ming'oko na mkono mmoja. Wenye malori na manyuo niliwaona jamani, nilisikia na harufu ya klachi.

Mmwera Ughaibuni

Salaam kutoka Uingereza, mimi ni mtoto wa Lindi nafanya kazi gereji ya magari ya aina hii huku mwaka wa nane. Ngoja niwape picha ya jinsi watengenezaji wenyewe walivyoliamua hili swali maana siyo geni.

Bentley Continental GT toka 2003 haijawahi kuuzwa na pedali ya klachi, ni otomatiki tu, na zile za karibuni zina gia boksi ya klachi mbili gia 8 ambayo nayo inachenji yenyewe. Maserati GranTurismo ya 2007 hivyo hivyo, hakuna pedali ya tatu. Aston Martin DB9 ndo ilikupa uchaguzi, V12 ya lita 5.9 mbele, gia boksi imewekwa nyuma kule kwenye difu ili uzito ugawanyike, zimeunganishwa na shafti ya kaboni. Ungeweza kuchukua ZF otomatiki gia 6 au manyuo gia 6 ya Graziano, na wateja wengi sana wakachukua otomatiki. Porsche 928 pia, ilitengenezwa 1977 mpaka 1995, ilikuwepo zote mbili, ile otomatiki yake ilitoka Mercedes-Benz.

Sababu ni kwamba gari ya GT imetengenezwa kwa masaa sita barabarani. Injini yake ina nguvu toka chini, haihitaji kuchokonolewa na gia kila saa. Na kwenye tabo kuna jambo Pweza hujaligusa: kwenye manyuo kila ukikanyaga klachi unaachia mafuta, presha ya tabo inashuka, inabidi ijijenge upya. Otomatiki ya torki konveta (inayopitisha nguvu ya injini kwa mafuta badala ya klachi ya mguu) inachenji huku mguu wako bado upo kwenye mafuta, presha haikati. DB9 za aina zote mbili nimeziendesha baada ya matengenezo. Ya manyuo klachi yake nzito, ukiendesha dakika ishirini unatabasamu, masaa matatu unatafuta pa kupaki.

Ila kwa upande wa thamani muuzaji hajakudanganya. Huku manyuo za GT zilizouzwa chache saivi zinapiganiwa, watu wanalipa zaidi kwa ile ile gari kwasababu ina pedali tatu. Na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, subiri fundi mwenzangu akija atakwambia.

Fundi Mnazi Mmoja

Nimekuja. Mwana Mikindani mdogo wangu usilipe hata senti mpaka ufanye hivi. Kwasababu manyuo ina bei, kuna watu wanachukua Soarer otomatiki, gia boksi imekufa, wanaing'oa wanafunga ya manyuo, alafu inauzwa kama ndo ilizaliwa hivyo. Fungua boneti, angalia kile kibati cha Toyota kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Utakuta JZZ30 alafu dashi alafu herufi. Ikiwa ACMVZ ni manyuo ya kiwandani. Ikiwa ACPVZ gari ilizaliwa otomatiki, haijalishi leo ina nini. Hiyo M na P ndo zinazosema.

Kubadilishwa siyo dhambi, mimi mwenyewe nimefanya, ila inategemea mkono wa nani. Chungulia chini pale gia inapotokea, kama tundu limekatwa na grainda na kuzibwa na mpira wa tairi, ondoka. Manyuo ya kweli ya hiyo gari ni R154, ile ile ya Mark II na Chaser za tabo, chuma haswa, ila klachi pleti na presha pleti zake huku kusini huzipati, utaagiza Gerezani na utasubiri, na ukiletewa isiyo yenyewe gari inalala juu ya mawe. Otomatiki yake ni jamii moja na zile za Crown na Mark II ambazo zimejaa kila gereji mpaka Newala. Hicho kipe uzito.

Ya manyuo ipime ikiwa ya baridi. Ukiwa kwenye tatu mwendo wa 40 rudisha ya pili taratibu, ikikwaruza, sinkro (zile ringi za kulainisha gia kuingia) zimekwisha. Alafu simama, vuta hendibreki, weka gia ya nne, achia klachi pole pole. Injini inatakiwa ife. Ikiendelea kunguruma klachi inateleza.

Ya otomatiki iendeshe mpaka ipate moto, injini ikiwaka chomoa stiki ya haidroliki, yale mafuta ya gia boksi, ufute kwenye tishu nyeupe. Doa likiwa jekundu safi sawa. Likiwa kahawia na linanuka kama maharage yaliyoungua, hizo klachi za ndani zimeungua. Alafu ukiwa umekanyaga breki toa N peleka D, inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi, kwa ulaini, ikichelewa alafu ikagonga hapana. Barabarani ikifika ya nne utaona mshale wa mizunguko unashuka tena kidogo bila gia kubadilika, pale torki konveta imejifunga, hapo ndo petroli inapookolewa na haidroliki inapoa. Isiposhuka uliza kwanini.

Na kuhusu malori ya makaa, hiyo otomatiki ina kitufe cha kuzima ovadraivu, yaani gia ya nne. Ukiwa nyuma ya lori kizime kabla hujatoka, gari itakuwa ya tatu tayari, haitafikiria chochote. Mteremko hivyo hivyo.

Pweza wa Lindi

Fundi hiyo ya kuzima ovadraivu kabla ya kutoka nakubali, mi nilikuwa nazungumzia wanaokanyaga tu na kungoja. Lakini bado nasema manyuo ya kiwandani ikipatikana nzima aichukue.

Mwana Mikindani

Wakuu nimerudi, juzi nilipanda basi nikaenda Dar na tishu zangu mfukoni.

Ya manyuo nimeanza nayo maana ndo nilikuwa naitaka. Nimefungua boneti nikafuta kibati kwa kidole, vumbi likatoka, nikasoma herufi moja moja. ACPVZ. Nilisoma mara tatu. Nikamuuliza muuzaji akasema hizo ni herufi tu za Wajapani. Nikalala chini nikakuta tundu limekatwa, kingo hazijapakwa hata rangi, kutu imeshaanza, na ukirudisha ya pili inalia. Nilivyokaa kwenye kiti na kushika ile gia nilisikia vibaya kwa kweli, sikutarajia.

Ya otomatiki kibati kinasema ACPVZ na ndicho kilichopo. Doa jekundu, D inashika kama mtu anakushika bega. Nimeiendesha mpaka Mkuranga na kurudi, ikaingia ya nne, mshale ukashuka kama Fundi alivyosema, kukawa kimya mle ndani. Nimelipa. Kesho tunapita daraja la Mkapa kurudi nyumbani, mama watoto ameomba kipande cha Kibiti mpaka Nangurukuru kiwe chake.

Hilux inabaki manyuo, mtoto wangu wa kwanza anafikisha 15 mwakani. Fundi, haidroliki nitakayomwaga ikifika kwako niweke Dexron ya lita ngapi, na filta unayo au niichukue hapa Gerezani kabla sijaondoka?

Fundi Mnazi Mmoja

Filta chukua huko huko na gasketi yake ya sampu, hapa sina. Dexron nunua lita 6 kabisa, tukimwaga sampu tutapima iliyotoka na kurudisha kiasi kile kile, inayobaki utaweka kwenye buti. Hongera mdogo wangu, msalimie shemeji, na mwambie Somanga matuta mapya hayana alama.