Suti ya jangwani na viazi vya Mirihi: tuwape wanafunzi riwaya zenye sayansi mbovu?

Mleta mada (Dodoma)

Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia klabu ya usomaji ya kidato cha tano na sita. Tumepata pesa ya kununua nakala kumi kumi za riwaya mbili za bunilizi ya kisayansi, na mwenzangu wa fizikia amegoma kusaini. Anasema tunanunua uongo kwa fedha za wazazi.

Ya kwanza ni Dune ya Frank Herbert (1965). Sayari nzima ni jangwa, na wenyeji wake, Wafremen, wanavaa suti inayonasa jasho, mkojo na unyevu wa pumzi, inachuja, wanakunywa tena. Ya pili ni The Martian ya Andy Weir. Mwanaanga anaachwa Mirihi, wenzake wakijua amekufa, anabaki analima viazi kwa kinyesi.

Msimamo wangu: riwaya ya mazingira magumu naipima kwa jambo moja tu. Inahesabu au haihesabu? Lita ngapi, kalori ngapi, siku ngapi, na daftari analishika nani. Kifaa kikiwa cha kubuni, nasamehe. Niambieni kama nakosea.

Fundi friji (Dar)

Unakosea, mkuu. Hiyo suti inaua.

Nimetengeneza friji na AC miaka kumi na nne. Jasho halikupozi kwa kuwa ni maji, linakupoza kwa kuwa linaondoka. Lita moja ikikauka kwenye ngozi inabeba kilojuli kama 2,400 za joto. Sasa ukiukamata ule mvuke ukaurudisha kuwa maji ndani ya suti, joto lote limerudi palepale mwilini. Mtu anayefanya kazi juani anaweza kutoa jasho lita nzima kwa saa. Piga hesabu: wati kama 670. Chukua pasi ya wati elfu moja, zaidi ya nusu yake umeivaa kifuani.

Kapitishe mkono nyuma ya friji lako, zile bomba nyembamba zenye moto. Ile ni kondensa, na ule moto ni joto la maharage yako ya jana. Huyu wa jangwani kondensa yake iko wapi? Kompresa? Mwandishi anasema pampu zinaendeshwa na kupumua na visigino. Visigino! Hiyo ni chai, tena ya rangi. Namuunga mkono mwalimu wa fizikia.

Mchangiaji mwingine

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

Msomaji (Nairobi)

Fundi, kwa suti sina la kubisha. Ila kitabu cha viazi msikitupe kwenye gunia hilohilo.

Kosa lake kubwa liko mwanzoni, na mwandishi mwenyewe amelikiri hadharani. Dhoruba ya kilomita 175 kwa saa inaangusha watu na kuwatawanya. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, kanieneo yake haifiki hata asilimia moja ya hii yetu. Upepo wa kasi hiyo kule ungekusukuma kama upepo wa kilomita ishirini na kitu hapa kwetu, ule wa kupeperusha kanga kambani. Alihitaji sababu ya mtu kuachwa, akajikopesha dhoruba. La pili ni udongo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta una chumvi za pakloreti, ambazo zinavuruga tezi ya shingoni. Ndani ya riwaya huyu bwana anakula viazi bila wasiwasi. Angeuosha udongo kwanza, maana chumvi hizo huyeyuka kwenye maji, lakini maji yenyewe anayatengeneza kwa mafuta ya roketi na karibu ajilipue.

Baada ya hapo ni hesabu tupu, ukurasa kwa ukurasa. Na kuna jambo watu hawalisemi. Wanamsifu kama shujaa aliyejiokoa peke yake, wakati bila wenzake kugeuza chombo na kumrudia, na bila Wachina kutoa roketi waliyoiandalia kazi yao nyingine, viazi vingemfikisha wapi? Mwalimu, hilo ndilo la kuwauliza wanafunzi.

Mchangiaji (Mombasa)

Mwalimu, pokea salamu za pwani. Mie hiyo Dune ilinishika kwa maneno kabla ya sayansi. Kiongozi wa Wafremen anaitwa naib. Kijana mgeni anapewa jina la Usul, na kitabu chenyewe chaeleza kuwa ni kitako cha nguzo. Wamwita pia Lisan al-Gaib. Msomaji wa Kizungu hukimbilia faharasa nyuma. Sisi twasoma naibu, usuli, ghaibu, twapita.

Lakini pana mahali nilifunga kitabu. Yule kijana amemuua mtu katika pambano la wawili, na maiti anakamuliwa maji. Yanapimwa, yanakuwa lita 33 na ushei, anakabidhiwa mshindi. Sisi maiti twamwosha kwa maji, wao wamtoa maji! Siku ya pili nikakifungua tena, nikafikiri. Hata sisi dini ilishapima hali hiyo. Maji yakikosekana, au yakiwa ya kunywa tu, watayamamu kwa udongo safi. Na maiti naye, yasipopatikana, hufanyiwa tayamamu. Aliye hai kwanza. Kisha yule kijana analia, na watu wanamgusa shavu kwa mshangao, kwamba amempa marehemu maji yake mwenyewe. Hapo suti sikuikumbuka tena.

Mchangiaji (Marsabit)

Suti mnayobishania ipo. Ina miguu minne.

Ngamia aliyenyimwa maji haanzi kutoa jasho mapema. Anauacha mwili upande joto mchana mpaka nyuzi 41 hivi, usiku unashuka mpaka 34. Binadamu akifika 41 anaitiwa ambulansi. Kwa hiyo maji hapotezi, joto analibeba tu mpaka jua lizame.

Na huyo mshika daftari unayemtafuta, mwalimu, pia yupo. Kwenye visima virefu vya Waborana, kule kusini mwa Ethiopia jirani na sisi, vijana wanasimama ngazi kwa ngazi ndani ya shimo, wanarushiana vyombo vya maji huku wakiimba, na juu kuna abba herega, mzee wa zamu. Yeye ndiye anayejua mifugo ya nani inakunywa leo, na ya nani inasubiri. Hakuna kifaa hapo. Mtu mmoja hawezi kuteka peke yake hata akiwa na nguvu za simba, maana shimo ni refu kuliko mikono yake.

Fundi friji (Dar)

Kwa ngamia nimenyoosha mikono. Anachaji joto mchana, anaachia usiku hewa ikipoa. Kondensa yake ni usiku. Mwandishi angeandika hivyo ningemnunulia soda.

Msomaji (Nairobi)

Wafremen nao husafiri usiku, fundi. Soma kwanza.

Mleta mada (Dodoma)

Asanteni. Niongeze kisa cha kweli ambacho nitakiweka kando ya riwaya hizi. Mwaka 1991 watu wanane walijifungia ndani ya Biosphere 2, jumba la vioo huko Arizona, wakae miaka miwili wakila wanacholima. Oksijeni ikaanza kupungua kutoka asilimia 21 mpaka kama 14, ikabidi waongezewe kutoka nje. Vijidudu vya udongo uliojaa mboji vilikuwa vinaitumia, na hewa ya ukaa waliyoitoa ikanywewa na zege la jengo, kwa hiyo hata mimea haikuweza kuirudisha. Zege! Mhandisi gani alilihesabu? Na wale wanane waligawanyika wanne kwa wanne, ndani ya chupa moja.

Mwenzangu wa fizikia nimemsomea uzi huu wote ofisini. Kwenye wati 670 akachukua kalamu na kurudia hesabu mwenyewe, ikatoka vilevile, akafurahi kama aliyeshinda kesi. Amesaini, kwa sharti kwamba swali la suti litungwe na yeye. Ila bei imepanda, pesa inatosha nakala kumi na tisa.

Fundi friji (Dar)

Ya ishirini nachangia mimi. Iwe ya viazi.