Rangi juu ya nywele za dawa: siku moja, baada ya wiki mbili, hina au wigi?

Achi_Section58
Hamjambo nyote. Niko Nakuru. Nywele zangu ni za rilaksa, yaani dawa ya kunyoosha, kwa miaka sita sasa, na ritachi, yaani kupaka dawa kwenye nywele mpya zilizoota, nafanya kila baada ya wiki kumi hivi. Nywele mpya zimeshafika upana wa kidole. Wiki tano zijazo dada yangu anafunga harusi Kakamega, na sisi wasindikizaji wa bibi harusi tumekubaliana wote tuwe na nywele za maruni.

Saluni ya kwanza imeniambia itafanya vyote siku moja: ritachi asubuhi, rangi mchana. Ya pili inasema rangi ndiyo itangulie, dawa ifuate. Mwenzangu kazini anasifu hina. Shangazi anataka nivae wigi la maruni yaishe. Nywele hizi nimezitunza, sitaki zikatike. Aliyewahi kupitia haya anieleze tofauti.

FundiNywele_Kondele
Karibu dada. Hiyo ya rangi kwanza na dawa baadaye iondoe kabisa. Rilaksa ni alkali kali, inafungua magamba ya unywele na rangi uliyoilipia inatoka na maji. Maruni hubaki kama kutu, tena kwa mabaka. Dawa hutangulia siku zote.

Ya siku moja inategemea rangi yenyewe, na hapo ndipo wateja wengi hawaelezwi. Iko rangi inayochanganywa na developa, yaani peroksaidi. Iko pia ya kopo moja, unafungua na kupaka. Hii ya kopo haivunji kitu. Hiyo mimi huipaka siku ileile ya ritachi, nikishaosha kwa shampuu ya kuua dawa mpaka povu liache kuwa la waridi litoke jeupe. Hushika vizuri, maana magamba bado yako wazi. Ya peroksaidi lazima ingoje wiki mbili kamili, na ngozi ikichomwa na dawa, hadi vidonda vipone. Mteja akinibembeleza nifanye siku moja nakataa, hata akiongeza pesa.

Nekesa_Bgm
Mimi nilifanyiwa siku moja, ritachi na bilichi (dawa ya kuondoa weusi wa nywele) ya rangi ya asali, kwenye saluni ambayo sitaitaja. Ngozi haikuniuma hata kidogo, ndiyo maana sikushtuka. Kwenye sinki nikasikia maji yamefungwa, fundi amenyamaza. Alikuwa ameshika shungi limelowa, linavutika kama chingamu bila kurudi, kisha likabaki mkononi mwake. Wiki mbili baadaye utosini nilikuwa na nywele za urefu wa njiti ya kiberiti. Nilifunga kitambaa mwaka mzima. Achi, nakusihi, usikubali kufanyiwa vyote siku moja kwa sababu ya nauli.

Mwalimu_wa_Kemia
Pole sana Nekesa. Kilichotokea kina maelezo. Unywele hupata nguvu kutokana na viungo vya salfa vinavyoshikanisha protini yake. Rilaksa, iwe ya sodiamu au ile ya kuchanganya ya guanidini, ina pH ya 12 na kuendelea. Inavunja sehemu ya viungo hivyo na havirudi kama vilivyokuwa. Bilichi inashambulia viungo vilevile. Kwa hiyo kichwa cha dawa kimeshatumia sehemu ya nguvu zake kabla rangi haijafika.

Angalia namba kwenye chupa ya developa. Volyumu 10 ni peroksaidi asilimia 3, 20 ni 6, 30 ni 9, 40 ni 12. Juu ya nywele za dawa usipite 20. Rilaksa ya kuchanganya huwa laini kidogo kwa ngozi, ila huacha kalsiamu kwenye nywele. Hukauka, na rangi hushika vibaya.

Halima_wa_Nakuru
Nimezaliwa Mombasa, hina naijua tangu utotoni. Hina ya majani matupu haina vita na rilaksa. Mimi huisubirisha wiki mbili baada ya ritachi, nikaiacha kichwani saa tatu au nne. Lakini juu ya nywele nyeusi usitegemee maruni. Utapata mng'ao wa shaba ukiwa juani, basi. Na haitoki, ukiichoka unangoja nywele zikue.

Tafadhali usichanganye hina na piko. Piko ni rangi ya kemikali, na ina PPD, kemikali iliyomo pia kwenye rangi nyingi za developa, ambayo huwasha watu wengine vibaya sana. Zile pakiti za "hina nyeusi" zinazoshika kwa nusu saa nazo ziangalie. Nyingine zina chumvi za metali, na peroksaidi ikikutana nazo mchanganyiko unaweza kupata moto kichwani. Kama pakiti haikuandikwa kilichomo, iache dukani.

Achi_Section58
Asanteni sana. Sasa ya kopo moja kwenye nywele nyeusi itaonekana kweli? Na hiyo PPD, nitajuaje kama inanidhuru?

FundiNywele_Kondele
Nje itaonekana. Ndani ya kanisa itakuwa nyeusi yenye kivuli chekundu. Ukitaka maruni inayoonekana kutoka kiti cha nyuma, ni ya developa volyumu 20, na ipakwe wiki mbili au tatu baada ya ritachi.

Kwa PPD, paka tone la rangi iliyochanganywa ndani ya kiwiko, ukae saa 48. Kukiwasha au kuvimba, usiipake. Kisha, kupima nguvu ya nywele, kata shungi dogo nyuma ya sikio, sehemu yenye dawa ya zamani, ulipake dakika zilezile za pakiti. Lioshe, ulivute likiwa limelowa. Nywele zenye afya huvutika kidogo na kurudi. Zisiporudi, sikiliza shangazi, wigi litakupendeza.

Siku tatu kabla ya ritachi usioshe kichwa wala usijikune. Mwambie fundi apake dawa kwenye nywele mpya peke yake. Akishusha hadi nywele za zamani, mnyanyue mkono.

Achi_Section58
Kiwiko kimetulia, saa 48 zimepita. Shungi nimekata mawili. La kopo moja nililipeleka dirishani: jekundu; nikarudi nalo kitandani, jeusi. La volyumu 20 ni maruni hata chini ya taa, ila nilipolivuta lilirudi polepole, halafu likakatika nchani.

Nimechagua ya kopo moja. Ritachi ni Jumamosi hii, na rangi naipaka siku hiyohiyo. Nitairudia wiki moja kabla ya harusi. Dada yangu nimemtumia picha ya lile lililokatika, naye amesema kanisani tutakaa karibu na madirisha.