Kofia za baiskeli za khanga: mdomo wa mbele niutie nini, na jina la khanga nilikalishe wapi?

BiFundi_Ngamiani

Assalaam alaykum na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani hapa Tanga. Kazi zangu za kila siku ni madera, sare za shule na magauni ya harusi msimu ukifika. Anayeijua Tanga anajua kwamba huu ni mji wa baiskeli. Mji wetu ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zinaitwa kwa namba, basi mwalimu, muuza samaki, mama wa sokoni na mwanafunzi, wote utawakuta juu ya baiskeli. Na jua la pwani mnalijua. Nikiwa kibarazani na cherehani yangu nawaona wanavyopita, na vichwani mwao hakuna kilichoshonwa kwa ajili yao. Kapelo ya mtumba mdomo wake ni mrefu: ukiinamia usukani inakuziba mbele, na upepo wa baharini ukipiga inaruka, uirudie katikati ya bajaji na bodaboda.

Kuna vijana wanaofanya mazoezi alfajiri kwenye barabara ya Pangani kwa zile baiskeli za mashindano. Waliniletea kofia moja ya Ulaya iliyochakaa, wakaniambia, "Dada, ifumue uone ilivyokaa." Nimeifumua. Ni vipande vitatu tu: viwili vya pembeni, na kimoja chembamba cha katikati kinachotoka kipajini hadi kisogoni. Ndani kuna ukanda wa jasho, nyuma lastiki, mbele mdomo mfupi unaoweza kuukunja juu au kuushusha. Kitambaa ni pamba nyepesi. Nikasema, hii ni khanga kabisa. Khanga ni pamba, ni nyepesi, inanyonya jasho, na inapendeza kuliko kitambaa chochote kilichoko dukani.

Nataka nianze kuzishona kwa heshima yake, ziwe kofia ambazo mtu akivaa anajulikana kuwa ni mwendesha baiskeli wa huku. Sasa nauliza. Ule mdomo niutie nini ndani? Ya Ulaya ilikuwa na plastiki ambayo sijaiona ikiuzwa hapa. Na jina la khanga nilifanyeje? Nikilikata vipande naona nimeiharibu khanga, nikiliacha nje ya kofia naona nimeacha kilicho bora. Mwenye uzoefu wa rangi pia anisaidie, maana khanga nyekundu mnaijua inavyotoa rangi, na hiki ni kitu cha kulowa jasho la kipaji.

---

MzeeWaKiua (Unguja)

Waalaykum salaam mwanangu. Umeuliza vizuri, nami nitakujibu kwa urefu kwa sababu kazi ya kofia naipenda.

Tuanze na mdomo. Kadibodi usiiguse. Ikinyeshewa siku moja, au ikifuliwa, imekwisha. Plastiki ya mfuniko wa ndoo nayo ni ngumu, ukiikunja mara kadhaa inavunjika. Tafuta dumu la mafuta ya kula la lita 5. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni hadi mafuta yaishe, kisha kata kwenye ubavu wake, pale penye mviringo. Plastiki ile ni laini, haivunjiki kwa kukunjwa, inafulika, na tayari ina mkunjo wa kipaji. Dumu la lita 20 ni nene, litakuvunjia sindano.

Kata umbo la mwezi mchanga. Kutoka pembe hadi pembe sentimita 17 hivi, na kina cha katikati 5 na nusu. Usizidishe 6, utarudi kwenye kapelo. Pembe zizungushe, kisha piga msasa ukingo wote, maana ukingo mkali utakata khanga kutoka ndani na mteja atakurudishia kofia kabla ya mwezi.

Mfuko wa mdomo ushone kwanza, uugeuze, uupige pasi ukiwa mtupu, ndipo uingize plastiki. Ukipiga pasi plastiki ikiwa ndani utaiyeyusha. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo siri ya kofia hizi ilipo: kati ya plastiki na mshono unaoshika mdomo kwenye kofia, acha nafasi ya milimita 4 ya kitambaa kitupu. Nafasi hiyo ndiyo bawaba. Mdomo utapanda na kushuka pale, na utabaki ulipouweka. Ukiisukuma plastiki hadi kwenye mshono, mdomo hautakunjuka, utapinda tu na kuivuta kofia nzima mbele. Tumia mguu wa zipu ili upite karibu bila kuikanyaga plastiki.

Kuhusu jina. Mimi nimekulia katika kofia za kiua, zile zenye nakshi ya vitundu vidogo. Kule kazi yote ya nakshi hufanywa kitambaa kikiwa bado bapa, kila kiua kwa mkono, na ndipo kile cha juu cha duara kinaunganishwa na ukanda wa kuzunguka. Nakshi inapangwa kabla kofia haijawa kofia. Nawe fanya hivyo hivyo: usikate pembeni kwanza halafu ukatafuta jina la kubandika. Chagua khanga kwa jina lake, pima jina, kisha ujenge kofia kulifuata.

Kwenye mdomo halitakaa, herufi za khanga ni kubwa. Weka ukanda wa nje unaozunguka chini ya kofia, upana wa sentimita 4, na jina likae humo zima. Kichwa cha mtu mzima ni sentimita 54 hadi 60, lakini toa sehemu ya lastiki kisogoni, kama 14, kwa sababu herufi zikiingia pale zinajikunja na hazisomeki. Zinakubakia 40 na kitu. Kwa hiyo khanga zenye methali ndefu ziache zivaliwe. Tafuta mfano wa "Subira yavuta heri". Ianzie nyuma ya sikio la kulia la mvaaji, ipite kipajini, iishie sikio la kushoto. Hapo anayemtazama ataisoma sawasawa.

Mji wa khanga utoe vipande vya pembeni, na pindo litoe ule mkanda wa katikati. Khanga moja, ukipanga vizuri, inatoa kofia 6 au 7, lakini jina ni moja tu. Zile nyingine zitakuwa hazina jina. Ndiyo maana ile yenye jina iuze kwa bei yake.

Rangi: roweka khanga usiku kucha kwenye maji ya chumvi, suuza hadi maji yatoke meupe, anika, piga pasi, ndipo ukate. Wanga wa dukani utatoka na kitambaa kitasinyaa kabla hakijawa kofia. Na ukanda wa ndani usiwe wa khanga. Weka poplini nyeupe.

---

Ngong_Asubuhi (Nairobi)

Dada, mimi naendesha kila wikendi, Nairobi hadi Kajiado na kurudi, kwa hivyo niongee upande wa mvaaji.

Jua kwamba kofia hii siku hizi ina maisha mawili. Zamani mabingwa wa baiskeli kina Fausto Coppi na Eddy Merckx walishindana ikiwa peke yake kichwani. Jina la mdhamini lilikuwa pale mbele, kofia ilikuwa bango pia. Mwaka wa 2003 Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka kwenye mashindano ya Paris–Nice kule Ufaransa akafa kwa jeraha la kichwa, na mwaka huo huo UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ikalazimisha helmeti kwenye mashindano. Tangu hapo kofia imeingia chini ya helmeti. Inanyonya jasho lisiingie machoni, mdomo unazuia mvua na jua la asubuhi lile la kukupiga usoni, na ukivua helmeti nywele zako zina heshima.

Sasa ile ya mama wa sokoni isiyo na helmeti, fuata yote aliyosema mzee. Lakini ya hao vijana wa mazoezi itabidi iwe tofauti kidogo. Usiweke kifungo juu. Mishono yote ilaze, ipige mara mbili iwe bapa, kwa sababu mshono uliosimama chini ya helmeti baada ya saa mbili ni kama kuna mtu anakuchora kichwa kwa msumari. Huo ukanda wa nje wa jina, ufanye kitambaa kimoja tu bila stifu, yaani kitambaa cha kukazia, ndani. Na lastiki iwe laini, maana pale kisogoni ndipo kile kishikizo cha helmeti kinabana.

Jambo lingine: usichape majina ya timu za Ulaya kwenye kofia za kuuza. Wengine watakuomba. Hizo ni nembo za watu, na wewe una khanga, huzihitaji. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na tangu hapo kwa kundi letu watu wanauliza sana vitu vya baiskeli vyenye sura ya huku. Ukiwa tayari nataka yangu. Kichwa changu ni sentimita 59.

---

BiFundi_Ngamiani

Shikamoo mzee wangu MzeeWaKiua. Hilo la bawaba lilikuwa limenipita kabisa. Nilikuwa naitazama ile ya Ulaya na sielewi kwa nini inapanda na kushuka kirahisi. Asante pia kaka wa Nairobi. Nitafanya mifano miwili, ya helmeti na ya bila helmeti.

Sasa kuna kundi la tatu, na hilo ndilo lililonifanya nianze yote haya. Tanga wanawake wengi tunapanda baiskeli na tumevaa baibui na mtandio, na mabinti wa shule na ushungi wao. Kofia ya kawaida haikai juu ya mtandio, inateleza. Nimewaza nishone kipana kidogo, nitie vishikizo viwili vidogo kwa ndani usawa wa masikio vya kubania mtandio, ili ncha zake zisipeperuke. Halafu kuna pindo la baibui. Nimeona dada mmoja hapa barabara ya 12 limeingia kwenye cheni mpaka akashindwa kushuka, watu wakageuza peda kinyumenyume wakalitoa taratibu, lina grisi yote. Nashona mkanda wa kifundoni wa kukusanyia pindo, wenye kipande kinachong'aa usiku taa za gari zikimpiga. Wanaume wa kanzu za Ijumaa nao watautaka. Lakini mkanda unashika mguu tu. Gurudumu la nyuma nalifanyaje?

---

Bint_Utrecht

Bi fundi, umenigusa. Nimekulia Pemba, sasa nakaa Uholanzi, na baiskeli ndiyo gari langu. Jibu lako lipo kwenye baiskeli za huku: nyingi za mjini zina kizuizi cha nguo pande zote mbili za gurudumu la nyuma, cha plastiki au cha turubai, na cheni imefunikwa yote ndani ya boksi. Mtu anapanda na koti refu au gauni bila wasiwasi.

Na kabla ya plastiki kilikuwa cha uzi. Baiskeli za wanawake za miaka ya 1890 zilikuwa na kamba nyembamba zilizosukwa kutoka kwenye madigadi ya nyuma hadi katikati ya gurudumu, zimetandazwa mithili ya upepeo. Madigadi ilitobolewa vitundu ukingoni, kamba ikapitishwa. Wewe na sindano yako ya kufumia unaweza kuifuma nyavu hiyo. Tumia uzi wa nailoni wa wavuvi, pamba italegea ikilowa. Toboa madigadi kila sentimita 2 hivi, na chini uifunge kwenye kipete kilichokaa kwenye ekseli, kisiguse spoku. Ivute ikaze kabisa. Ikilegea itaingia yenyewe kwenye gurudumu.

Kwenye vishikizo vya mtandio: weka vya kubonyeza, visiwe pini. Na viachie vikivutwa kwa nguvu, mtu akianguka mtandio usimkabe.

---

Ngong_Asubuhi

Kama unaongeza vifaa, fikiria na mikoba ya tyubu kuukuu. Tyubu za lori ni pana, zinatosha mkoba wa chini ya kiti wa kubeba viraka, gundi na spana. Zipasue, zioshe, zikauke. Fundi wa huku Kikuyu anayenishonea hutumia sindano ya ngozi namba 18 na mshono mrefu, kwa sababu matobo yakikaribiana mpira unachanika kwenye mstari. Anapaka poda juu ya mpira ili mguu wa cherehani usigande, na hashiki kwa pini, anabana kwa vibanio vya nguo, maana tobo la pini kwenye mpira halizibi. Tyubu za baiskeli zenyewe zinatoa mikanda ya kufungia mzigo kwenye keria.

---

MzeeWaKiua

Mwanangu, kuna suala la bei. Usipige hesabu ya kitambaa peke yake. Khanga ya doti moja ukiigawa kwa kofia kumi na mbili, kitambaa kinaonekana si kitu, na hapo ndipo mafundi wengi wanapojidhulumu. Hesabu kuosha dumu, kupiga msasa, kulaza mishono, na zile dakika za kulikalisha jina lisipinde kipajini. Hiyo yenye jina zima isiuzwe bei moja na isiyo na jina. Mteja akiuliza sababu, mgeuzie khanga iliyobaki umwonyeshe kwamba kila khanga ina jina moja tu.

---

BiFundi_Ngamiani

Nimewaelewa wote, Mungu awalipe. Khanga nimeshazitia kwenye chumvi, na dumu nimepewa na mama ntilie jirani. Kaka wa Nairobi, sentimita 59 nimeandika. Niambie tu mdomo wako unaupenda ndani uwe na poplini nyeupe au rangi ya khanga, na kama helmeti yako inabana sana kisogoni nipunguze upana wa lastiki.

---

Ngong_Asubuhi

Nyeupe. Na lastiki ifanye ya sentimita moja na nusu.