Naomba ushauri: Mama amebadilishiwa valvu ya moyo, je, tumpe vidonge vya Q10?

Binti Mkubwa: Habari zenu, wanajamvi. Mama yangu, mwenye miaka 52, amewekewa valvu ya chuma upande wa mitrali, yaani ule wa kushoto wa moyo, baada ya ile ya asili kuharibiwa na homa ya rumatiki aliyougua utotoni. Akiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi alitundikiwa insulini, dawa ya kushusha sukari, ilhali hana kisukari, jambo ambalo hadi leo linanitatiza. Hii ni wiki ya tatu yuko nyumbani, anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, chakula hakimpandi, na shangazi ametuletea vidonge vya koenzaimu Q10 akisema vinautia moyo nguvu. Je, tumpe?

Muuguzi wa Zamu: Pole kwa kuuguza, dada. Upasuaji wa namna hiyo huufanya mwili umwage homoni zinazopandisha sukari hata kwa asiye na kisukari, na sukari ikikaa juu kidonda huchelewa kupona na huingiliwa na vijidudu kwa urahisi. Kwa kawaida hulengwa isizidi 10 mmol/L, wala haishushwi mno, kwa kuwa utafiti wa NICE-SUGAR wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wagonjwa mahututi waliolengwa kati ya 4.5 na 6.0 walifariki wengi zaidi.

Mzee Kombo: Mwanangu, vidonge hivyo visubiri. Q10 ina umbo linalokaribiana na vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda, na imewahi kuripotiwa kupunguza nguvu ya warfarini. Mwenye valvu kama ya mama yako kwa kawaida hutakiwa INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, iwe kati ya 2.5 na 3.5, ikishuka, damu huweza kuganda juu ya valvu, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo huleta kiharusi. Mimi nina valvu ya chuma, na nguvu zangu zilirudi kwa uji wa ulezi wenye maziwa, mayai, samaki na maharage, nikila kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Mchicha na kisamvu, vyenye vitamini K, msimkatalie, ila kiasi kisibadilikebadilike.

Muuguzi wa Zamu: Ulizeni pia kuhusu potasiamu, kwani baadhi ya dawa za moyo huipandisha na nyingine huishusha, na ikizidi au ikipungua mapigo huvurugika.

Binti Mkubwa: Ahsanteni sana. Jumatatu tunakwenda kupima INR, nami nitaibeba chupa ya vidonge daktari aione. Madafu, ambayo yana potasiamu, anakunywa mawili kila siku; nayo nitayauliza.