Tupime vipi kasi ya uvumbuzi wa teknolojia ya habari tangu enzi za telegrafu?

Mdadisi:

Wanajukwaa, salaam. Mara nyingi nasoma kwamba teknolojia ya habari haijawahi kwenda mbio kama inavyokwenda sasa, lakini wanaosema hivyo ni nadra kuonyesha kipimo walichotumia. Nimejaribu kuorodhesha uvumbuzi mkubwa wa kila nusu karne: telegrafu, simu, redio, transista ya mwaka 1947, chipu ya kwanza ya mwaka 1958, ARPANET ya mwaka 1969 (mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti), na kuendelea. Orodha inarefuka kadiri ninavyoikaribia leo, ila nashuku kwamba urefu huo unatokana na kumbukumbu zetu, kwa kuwa mambo ya juzi bado tunayo yote ilhali ya zamani yameshachujwa. Je, kuna namna ya kulinganisha karne ya 19 na zama zetu bila upendeleo?

Waya Mrefu:

Ndugu Mdadisi, shaka yako ni ya haki, na kwa maoni yangu orodha hiyo haiwezi kuokolewa. Badala ya kuhesabu vifaa, pima kazi inayofanywa. Habari huhifadhiwa, husafirishwa na hukokotolewa, na kazi hizo tatu zilikuwapo kabla ya umeme. Watafiti Heebyung Koh na Christopher Magee walifuata njia hiyo mwaka 2006, wakaangalia zaidi ya miaka mia moja ya maendeleo ya kila kazi pasipo kujali ni mashine gani iliyokuwa ikiifanya.

Ukipima hivyo, unagundua kwanza kwamba hakuna kasi moja. Watafiti wengine, Martin Hilbert na Priscila López, walikadiria mwaka 2011 kwamba, kati ya mwaka 1986 na 2007, uwezo wa dunia wa kukokotoa uliongezeka kwa asilimia 58 kwa mwaka, wa kupashana habari kwa asilimia 28, na wa kuhifadhi kwa asilimia 23.

Sasa tazama kebo ya telegrafu ya Atlantiki. Mwaka 1858 ujumbe wa Malkia Victoria wenye maneno 98 ulichukua kama saa 16 kupita, yaani maneno sita hivi kwa saa. Kebo ya mwaka 1866 ilipitisha takriban maneno manane kwa dakika. Hilo ni ongezeko la karibu mara 80 katika miaka minane, sawa na asilimia 70 na ushee kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, mafundi wa kebo waliwashinda wa kompyuta.

Mizani:

Hesabu ni sahihi, lakini silikubali hitimisho lake. Kebo ya mwaka 1858 ilikuwa mbovu tangu ilipolazwa, na iliungua ndani ya wiki chache baada ya kupitishiwa umeme mwingi kupita kiasi. Anayeanzia hapo ameanzia shimoni, na kila kitakachofuata kitaonekana mlima. Uanzie mwaka 1866, kebo ilipofanya kazi ipasavyo, uone: ilichukua miaka 90, hadi kebo ya simu ya TAT-1 ya mwaka 1956, kwa sauti ya mtu kuvuka bahari hiyo kwa kebo, tena katika njia 36 tu za maongezi. TAT-8 ya mwaka 1988, mkongo wa kwanza wa faiba katika Atlantiki, ilibeba maongezi 40,000. Kutoka 36 hadi 40,000 kwa miaka 32 ni wastani wa karibu asilimia 25 kwa mwaka, na huo ulidumu kizazi kizima. Kasi isiyodumu angalau miongo miwili mimi siiiti kasi.

Tena zile asilimia 58 zinajumlisha mambo mawili: mashine kuwa bora, na watu kununua mashine nyingi zaidi. La pili ni biashara, si uvumbuzi. Ndiyo maana napendelea njia ya mwanauchumi William Nordhaus, aliyefuatilia gharama ya kukokotoa tangu enzi za hesabu za mkono. Mchoro wake karibu umelala hadi miaka ya 1940, kisha unapanda ghafla.

Mdadisi:

Nawashukuru nyote. Basi nikichukua gharama ya kazi moja, je, nimepima uvumbuzi au nimepima matokeo yake?

Jasho la Maabara:

Umepima matokeo, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko mjadala huu unavyoonyesha. Mwaka 1965 Gordon Moore, mtaalamu wa chipu, alisema idadi ya vijenzi katika chipu inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha ikawa kila miaka miwili. Mstari huo uliendelea kupanda kwa miongo mingi, na anayeutazama peke yake atadhani uvumbuzi ulikuwa na mwendo uleule. Mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba kuufikia ukuaji uleule kulihitaji watafiti zaidi ya mara 18 ya waliohitajika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Matokeo yalikwenda sawa, lakini mchango wa kila mtafiti ulizidi kupungua.

Kwa hiyo ningechora mistari miwili kwenye karatasi moja, wa gharama ya kazi na wa idadi ya watafiti. Hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, nisingezigusa, kwa sababu wingi wake hufuata sheria na mahakama kuliko maabara.

Mizani:

Naafiki, kwa sharti moja: kwa telegrafu, mstari wa pili hauna takwimu. Kuhesabu watafiti wa mwaka 1866, wakati fundi, mwekezaji na mvumbuzi mara nyingi walikuwa mtu mmoja, ni kubahatisha. Mdadisi, anzia mwaka 1945 kwa mistari yote miwili, na karne ya 19 uiachie mstari wa gharama peke yake.